Zinki, chuma, shaba na seleni: jinsi ya kuilisha ngozi, na lini kuipaka

Mwili wa mtu mzima una zinki gramu 2 hivi, chuma gramu 3 hadi 4, na shaba ambayo haifiki hata robo ya gramu. Kiasi hicho kidogo ndicho kinachoendesha kazi nzito za ngozi. Zinki hutumika kila seli mpya inapogawanyika, na ngozi ya juu hujibadilisha yote kwa muda wa mwezi hivi, kwa hiyo ikipungua ngozi huwa ya mwanzo kuonyesha. Shaba hukisaidia kimeng'enya kinachofunga nyuzi za kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, ili zishikane, na kingine kinachotengeneza melanini, yaani rangi yenyewe ya ngozi. Chuma, kikisaidiana na vitamini C, hutumika kuijenga kolajeni hiyo. Seleni imo katika vimeng'enya vinavyozima madhara ya jua ndani ya seli.

Wauza vidonge vya "nywele, ngozi na kucha" huanzia hapo hapo, kisha huruka hadi kwenye bei. Wanachoacha kusema ni kwamba madini haya hutengeneza ngozi ya mtu aliyepungukiwa, na hufanya hivyo haraka. Kwa asiyepungukiwa, kuongeza dozi hakuongezi mng'ao wowote, na yakizidi huleta shida nyingine. Ndiyo maana kazi huanza kwa kutazama, si kwa kununua.

Tazama kwanza

Upungufu wa zinki una mahali pake. Vipele vyenye magamba na mipaka inayoonekana hutokea kuzunguka mdomo, kuzunguka njia ya haja kubwa, kwenye vidole, viwiko na magoti. Mara nyingi huja pamoja na kuhara, nywele kunyonyoka, vidonda kuchelewa kufunga na chakula kukosa ladha. Vitabu vingi husema "vyekundu", lakini kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu: tafuta weusi uliokolea au rangi ya zambarau, ngozi inayong'aa kama imepakwa varnishi, na kingo zinazobanduka.

Mtoto anayeanza kutoka vipele hivyo wiki chache baada ya kuachishwa ziwa apelekwe hospitali. Kuna ugonjwa wa kurithi ambao utumbo hushindwa kunyonya zinki, nao hujificha mtoto anaponyonya kwa sababu zinki ya maziwa ya mama hufyonzwa kwa urahisi zaidi. Ukitambuliwa mapema, vipele huanza kukauka ndani ya siku chache za dawa. Usipotambuliwa unaweza kuua.

Upungufu wa chuma hauna vipele. Tazama ndani ya kope la chini na viganja: vikiwa vimepauka, au kucha zimebonyea katikati kama kijiko, au pembe za mdomo zinapasuka mara kwa mara, nenda ukapimwe damu. Mwili kuwasha bila upele wowote nako huweza kuwa ni chuma.

Kipimo cha zinki kwenye damu ni kigumu kukisoma. Malaria, homa yoyote, au mlo uliokula saa mbili zilizopita vinatosha kuishusha namba. Kikifanywa, kifanywe asubuhi kabla ya kula, na mgonjwa asiwe na homa. Madaktari wengi hutazama dalili, historia ya chakula na jinsi ngozi inavyoitikia dawa, nao wana haki.

Walio hatarini zaidi ni watoto wanaolishwa uji mtupu, waliohara kwa muda mrefu, wajawazito, wanywaji pombe wa kila siku, na wanaokula udongo. Hili la mwisho husahaulika. Pemba inayouzwa sokoni Tanzania, au odowa kama wanavyoiita wengi Kenya, huweza kuikamata chuma na zinki tumboni na kutoka nayo. Mjamzito anayemeza vidonge vya chuma kila siku huku akitafuna udongo anajaza pipa lililotoboka.

Jikoni ndiko penye kazi kubwa

Mwanamke mzima anahitaji zinki miligramu 8 kwa siku, mwanamume 11, mjamzito 11, anayenyonyesha 12. Nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta, kipande cha gramu 85, hutoa kati ya 4 na 6. Mbegu za maboga gramu 30 hutoa 2 na ushei, korosho kiasi hicho hicho hutoa kama 1.6, nusu kikombe cha maharage yaliyopikwa hutoa karibu 1. Chaza wamepita wote; wachache tu wanatosha siku nzima.

Kwa hesabu ya sahani tu, hata mla ugali na maharage anaweza kuifikia 8. Tatizo ni kwamba namba za sahanini si namba zinazofika kwenye damu. Mahindi, mtama, ulezi na maharage vina fitati, kemikali ambayo mbegu huitumia kuhifadhi fosforasi, nayo huzing'ang'ania zinki na chuma hadi zikatoka na choo. Nafaka inayokobolewa kuwa sembe hupoteza fitati nyingi, lakini hupoteza na zinki pamoja na kiini. Dona ina zinki nyingi na fitati nyingi. Kwa hiyo mabishano ya sembe na dona hayatoshi: la maana ni nini ulichokifanya kabla ya kupika. Njia tatu za zamani huvunja fitati, na bibi zetu walizijua bila maabara.

Kuloweka ndiyo rahisi kuliko zote. Maharage, choroko au kunde hulala kwenye maji saa 8 hadi 12, maji yale yanamwagwa, na unapikia mengine. Faida yake ni ya wastani, lakini haina gharama na huokoa mkaa.

Kuchachusha kuna nguvu zaidi. Koroga kikombe 1 cha unga wa dona au ulezi na vikombe 2 hadi 3 vya maji safi yaliyochemshwa yakapoa. Tia vijiko 2 vya uji mbichi uliochachuka jana yake kama kianzio. Funika kwa kitambaa na uache mahali penye joto saa 24 hadi 48, kisha upike hadi uive kabisa. Bakteria hutengeneza asidi, na asidi hiyo hukiamsha kimeng'enya cha nafaka yenyewe kinachoikata fitati. Unajua umefanikiwa ukisikia harufu ya uchachu safi, kama ya maziwa ya mgando. Ukiona utando wa rangi, kijani au nyekundu, au harufu ya kuoza, mwaga wote. Kuchemsha hakuondoi sumu za kuvu. Mara ya kwanza, usipokuwa na kianzio, uchachu huchukua siku 2 hadi 3 na hutabirika kwa shida, kwa hiyo omba kwa jirani anayepika togwa au uji mchachu.

Kimea ni kazi ndefu kidogo, ila kwa mtoto hakina mpinzani. Chagua ulezi mzima, usiowekwa dawa ya kuhifadhi mbegu. Osha, loweka saa 12 hadi 24, chuja. Tandaza tabaka jembamba juu ya kitambaa kibichi, funika, na nyunyizia maji asubuhi na jioni kwa siku 2. Machipukizi yakitoka vizuri, kausha juani siku nzima au zaidi hadi punje zivunjike kwa meno. Pukuchua machipukizi na vimizizi, peta, saga. Kwa mtama hatua ya kupukuchua si ya hiari: machipukizi ya mtama yana kemikali inayotoa sayanidi. Wanaoharibu hapa kwa kawaida hutandaza tabaka nene. Katikati hupata joto, hewa hukosekana, na ukungu huanza kabla mbegu haijachipua.

Kijiko kimoja cha kimea kikitiwa kwenye uji mzito unaopoa, uji huo hulegea na kuwa mwepesi ndani ya dakika chache bila kuongeza maji. Mtoto mwenye tumbo dogo hupata unga mwingi zaidi kwa bakuli lile lile. Urudishe jikoni uchemke tena kabla ya kumlisha.

Baada ya hapo weka kitu cha mnyama, hata kidogo. Dagaa wazima waliokaangwa au kusagwa ndani ya uji huleta zinki, chuma na seleni kwa pamoja. Yai moja lina seleni mikrogramu 15 hivi, na hitaji la siku ni 55. Samaki na mayai kwa wiki hulimaliza suala hilo bila kidonge. Maini ya ng'ombe gramu 100 yana shaba ya zaidi ya siku kumi kwa mkupuo mmoja, hivyo mara moja kwa wiki inatosha, na mjamzito ayapunguze zaidi kwa sababu ya vitamini A iliyojaa humo.

Chai isubiri saa moja baada ya mlo, ya rangi na ya maziwa pia, maana huzuia chuma cha mboga na maharage. Kamulia ndimu juu ya mchicha, au kula chungwa pale pale mezani. Vitamini C hufanya kinyume cha chai. Unga wa ngano na wa mahindi unaosagwa kiwandani Tanzania na Kenya unatakiwa kisheria kuongezwa chuma na zinki, kwa hiyo soma mfuko. Mashine ya mtaani kwa kawaida haiongezi chochote.

Ukifika kwenye vidonge

Soma kiasi cha zinki yenyewe, si cha chumvi iliyobeba zinki. Zinki salfeti ya miligramu 220 ina zinki 50. Zinki glukoneti ya miligramu 70 ina zinki 10 tu. Watu wawili wanaweza kusema "nameza zinki mia mbili" na "nameza zinki sabini", na hakuna kati yao anayejua anachomeza.

Mtoto anayehara ana dozi yake, inayojulikana katika zahanati zote: miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, aliye chini ya miezi 6, miligramu 10. Kidonge huyeyushwa kwenye kijiko chenye maji safi au maziwa ya mama. Wazazi wengi huacha kumpa dawa kuhara kukikoma siku ya tatu. Maliza siku zote, kwa sababu kuhara kumeondoa zinki ambayo ngozi na utumbo bado vinaidai.

Kwa chunusi, zinki ya kumeza miligramu 30 kwa siku imejaribiwa kwa miezi kadhaa na huwasaidia baadhi ya watu, lakini haizifikii antibiotiki za chunusi kwa nguvu. Na hapa kuna mtego: doksisaiklini, ambayo ndiyo hupewa watu wengi wenye chunusi, hufungwa na zinki na chuma tumboni. Anayevimeza pamoja hapati dawa wala madini. Mwonyeshe mfamasia vidonge vyote. Mara nyingi jibu ni kusimamisha zinki mpaka dozi iishe.

Meza zinki baada ya chakula chenye nyama au samaki. Tumbo likiwa tupu hutia kichefuchefu. Mpaka wa juu kwa mtu mzima bila usimamizi wa daktari ni miligramu 40 kwa siku, chakula kikiwemo. Ukivuka kwa wiki nyingi, zinki huizuia shaba kufyonzwa. Damu hupungua, chembe nyeupe hushuka, miguu hupata ganzi, na ganzi hiyo wakati mwingine hairudi nyuma. Ni bei kubwa kulipa kwa ajili ya kucha.

Seleni inahitaji hofu zaidi. Mpaka wake ni mikrogramu 400, na dalili za kuzidi ni zile zile ambazo mtu alitaka kuzitibu: nywele kukatika, kucha kuwa dhaifu na kudondoka. Pumzi nayo hunuka kitunguu saumu. Mwaka 2008 Marekani, kirutubisho cha maji kilichokosewa kiwandani kilikuwa na seleni mara 200 ya iliyoandikwa kwenye lebo, na watu 201 waliugua. Kuhusu seramu za peptidi za shaba, yaani vimiminika vya kupaka vyenye shaba: zipo, zina rangi ya buluu, ushahidi wake ni mdogo na bei yake si ndogo.

Kupaka

Zinki inayopakwa hailishi ngozi iliyopungukiwa. Hufanya kazi nyingine: hukinga, hukausha, hutuliza. Ukitofautisha hayo mawili utaokoa pesa nyingi.

Kwa vipele vya nepi, tafuta marhamu yenye oksidi ya zinki asilimia 10 hadi 40. Osha mtoto kwa maji ya vuguvugu bila sabuni kali, kausha kwa kugusagusa, mwache wazi dakika 10. Kisha paka tabaka nene hadi usiione ngozi. Kosa la kawaida ni kupaka kama losheni na kuisugua hadi ipotee. Marhamu iliyopotea haizuii mkojo. Nepi inayofuata, ondoa kinyesi tu kwa pamba yenye mafuta ya kula, acha tabaka safi lililobaki, ongeza juu. Kuikwangua yote kila mara huondoa na ngozi mpya. Ikiwa vipele vimeingia kwenye mikunjo na vina vidoa vidogo vilivyotawanyika pembeni, hiyo ni fangasi ya kandida na inahitaji klotrimazoli au nistatini. Zinki peke yake haitaiondoa. Siku 3 bila nafuu, nenda kliniki.

Losheni ya kalamaini nayo ni oksidi ya zinki, yenye oksidi ya chuma kidogo inayoipa rangi ya waridi. Inafaa kwa tetekuwanga na kuumwa na wadudu. Tikisa chupa, paka kwa pamba, acha ikauke. Usiipake kwenye pumu ya ngozi iliyokauka, itaikausha zaidi.

Kwa jua, oksidi ya zinki huzuia miale ya UVA na UVB. Uso, masikio na shingo huhitaji mistari miwili iliyojaa, mmoja kwenye kidole cha shahada na mwingine kwenye cha kati, kutoka shinani hadi ncha. Mwili mzima ni mililita 30 hivi. Wengi hupaka robo ya hapo na kulaumu chupa. Tanguliza mafuta ya kawaida, subiri yaingie, kisha losheni ya jua juu yake. Ukivichanganya kiganjani umeipunguza nguvu. Rudia kila saa 2, na baada ya kutoka jasho. Kwa watu wenye ualbino hili ni suala la uhai, kwa sababu saratani ya ngozi huwaanza wakiwa vijana; losheni ya Kilisun ilianza kutengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili yao hasa. Hata hivyo kofia pana na mikono mirefu hutangulia losheni yoyote.

Ngozi nyeusi yenye madoa ya chunusi au ya ujauzito itafute losheni ya jua yenye rangi. Rangi hiyo ni oksidi za chuma, na hizo huzuia mwanga unaoonekana, ambao pia hukoleza madoa na ambao zinki nyeupe haiuzuii vya kutosha. Zaidi ya hayo haikuachi na uso wa majivu.

Usijitengenezee losheni ya jua kwa poda ya zinki na mafuta ya nazi. Poda hujikusanya vidongevidonge, katikati yake hubaki mapengo yasiyoonekana kwa macho, na hakuna jikoni inayoweza kupima kinga iliyopatikana. Vumbi lake pia si la kuvutwa kifuani.

Seleni ina kazi moja ya kupaka inayoeleweka vizuri. Shampuu ya seleni salfaidi asilimia 2.5 huondoa mba wa mwilini, ule wa mabaka meupe au ya kahawia yenye unga laini kifuani, mgongoni na shingoni. Vua vito vya fedha, lowesha ngozi, paka na utoe povu, acha dakika 10, suuza vizuri. Fanya hivyo kila siku kwa siku 7. Isipakwe kwenye ngozi iliyochubuka, na mjamzito aulize kwanza. Baada ya wiki kwangua baka kwa ukucha: lisipotoa unga, fangasi wamekufa. Weupe utabaki miezi kadhaa kwa sababu melanini hurudi polepole, na hapo ndipo watu huitupa dawa iliyofanya kazi na kununua kitu kikali zaidi.

Madini yasiyotakiwa kabisa

Kitu hicho kikali mara nyingi ni mkorogo au krimu ya kung'arisha, na ndani yake huweza kuwa zebaki. Zebaki huzuia melanini kutengenezwa, ndiyo maana ngozi hung'aa, na wakati huo huo huingia kwenye damu na kuharibu figo. Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki, uliweka marufuku ya vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu 1 kwa milioni kuanzia 2020, lakini masoko bado yanazo.

Kwenye lebo tafuta maneno "mercury", "Hg", "calomel" au "mercurous chloride". Onyo la kuepusha krimu na dhahabu, fedha, aluminiamu au mpira ni dalili kubwa, maana zebaki hushambulia metali hizo. Chombo kisicho na orodha ya viambato wala anwani ya mtengenezaji usikinunue.

Ukigundua umekuwa ukiitumia, acha, osha mikono na ngozi kwa sabuni, na ufue mashuka na taulo peke yake. Watoto wa nyumba hiyo huipata kwa kubebwa na kulala kitanda kimoja, kwa hiyo nao wapimwe. Kipimo ni cha mkojo. Kopo lifungwe ndani ya mifuko miwili ya plastiki na uende nalo hospitali ili daktari aone lebo. Usilichome moto, kwa sababu mvuke wa zebaki huingia mapafuni moja kwa moja, na usilimwage kwenye sinki wala chooni.